Friji ya tela haipoi mkiwa njiani: anza na volti, si na friji

Friji ya tela ikifika Seronera na maziwa ya vuguvugu, wa kwanza kulaumiwa ni friji yenyewe. Mpishi atasema gesi imekwisha, dereva atasema kompresa imekufa. Mkirudi Arusha inapelekwa kwa fundi wa mafriji, anaiunga kwenye betri iliyo pembeni ya meza yake, na inapoa hadi kugandisha. Inarudishwa kwenye tela, na safari inayofuata maziwa yanaharibika tena.

Kilichobadilika kati ya mezani na njiani ni waya. Mezani umeme unasafiri mita moja. Kwenye gari linalovuta tela unatoka betri iliyo chini ya boneti, unapita fyuzi, pengine na relei (swichi inayoendeshwa na umeme), unatambaa chini ya gari lote, unavuka plagi iliyo nyuma ya bampa ikila vumbi na matope, unaingia kwenye tela, ndipo unafika kwa friji. Kila kiungo kinachukua chake. Kwa hiyo hapa tutafuata umeme kwa kurudi nyuma: kwanza tujue ni volti ngapi zimefika kwenye friji, halafu tutafute zilizopungua zimepotelea wapi.

Una friji ya aina gani?

Ziko mbili, na kila moja ina ugonjwa wake.

Friji ya kompresa ya volti 12 utaisikia ikiunguruma kwa vipindi. Engel, National Luna na ARB ni za kundi hili. Kompresa ikizunguka hula ampea kama 3 hadi 5, na ndani kukishapoa inapumzika. Friji ya lita 40 au 50 kwenye joto la kawaida la kwetu hutumia takriban ampea-saa 25 hadi 50 kwa siku nzima, zaidi kama unagandisha nyama au wageni wanaifungua kila dakika kutafuta soda.

Friji ya njia tatu, yaani gesi, umeme wa nyumbani na betri, haina kompresa na iko kimya kabisa. Inapoza kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia na maji kwenye mabomba ya nyuma. Upande wake wa betri ni hita tu, ya wati 120 hadi 175 hivi, na hita hiyo hula ampea 10 hadi 15 mfululizo. Nyingi hazina thamostati upande wa volti 12, kwa hiyo hazipumziki: ukiwasha, zinakula mpaka uzime au betri iishe. Betri ya ampea-saa 100 ambayo hutaki kuishusha chini ya nusu itaihudumia kwa saa tatu na nusu hadi tano, basi.

Ukichanganya aina hizi mbili utafanya matengenezo yasiyohusika. Waya unaomtosha mwenye kompresa unaweza usimtoshe kabisa mwenye njia tatu.

Kipimo cha kwanza

Multimita, yaani kipimo cha umeme, ya bei ndogo inatosha. Washa injini, washa friji, subiri ianze kuvuta umeme, halafu pima volti kwenye terminali za friji yenyewe. Usipime kwenye plagi ikiwa tupu. Waya uliobakiza uzi mmoja mzima bado utakuonyesha volti zote, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Mzigo ndio unaoumbua waya.

Muda huohuo mtu mwingine apime kwenye betri ya gari. Injini ikizunguka, gari la kawaida litatoa kati ya 13.8 na 14.4. Toa namba ya friji kwenye namba ya betri, na kinachobaki ndicho kilichopotea njiani. Nusu volti naivumilia. Volti moja, kuna kazi ya kufanya. Zikiwa mbili, friji isipelekwe popote, kwanza shughulikia nyaya.

Kujua upotevu uko upande gani, tafuta waya mwembamba mrefu wa kutosha kutoka boneti hadi tela. Uunge kwenye chanya ya betri, ncha ya pili ishike na mguu mmoja wa mita, mguu mwingine uguse chanya ya friji, friji ikiwa inavuta. Namba utakayoona ni volti zilizopotea upande wa chanya peke yake. Rudia kwa hasi. Mafundi wengi huhangaika na chanya siku nzima, kumbe upande wa hasi ndio unaokula volti moja na nusu. Ukishajua upande, sogeza mguu wa mita kituo kwa kituo: baada ya fyuzi, baada ya relei, upande wa gari wa plagi, upande wa tela. Pale namba inaporuka ghafla, hapo ndipo penye ubovu.

Dalili: kompresa inawaka, inazima, inawaka

Friji za kompresa zina kidhibiti kinacholinda betri. Kwenye kompresa ya BD35F, iliyokuwa ya Danfoss na sasa ni ya Secop, ambayo imo ndani ya friji nyingi zenye majina tofauti nje, kiwanda kimeweka ikate volti zikishuka hadi 10.4, na isiwake tena mpaka zifike 11.7. Sasa angalia kinachotokea kwenye waya mwembamba. Kompresa inaanza, umeme unavutwa, volti zinaporomoka kwenye ncha ya waya, kidhibiti kinakata. Mzigo ukishaondoka volti zinapanda zenyewe, kidhibiti kinaona kila kitu kimetulia, kinawasha tena. Ukisimama nje unasikia inajaribu na kushindwa, na ni rahisi kusema kompresa imekufa.

Hesabu yake si ngumu. Kutoka betri ya gari hadi friji ya tela ni kama mita 10, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20 za shaba. Waya wa milimita 1 ya mraba, ule wa taa, utapoteza karibu volti 1.75 kwenye ampea 5. Injini ikizunguka unaweza usione kitu, kwa sababu 14 ukitoa 1.75 bado ni 12 na ushee. Mkizima kula chakula cha mchana na betri ikashuka hadi 12.2, friji inapata 10.4 na inakata. Ndiyo maana wengine hulalamika kwamba friji yao "inachagua": inafanya kazi mkitembea, inakataa mkisimama.

Secop wenyewe kwa volti 12 wanataka waya wa milimita 2.5 za mraba usizidi mita 2.5 kutoka betri, wa 4 usizidi mita 4, wa 6 mita 6, na wa 10 mita 10. Ni rahisi kukumbuka. Kwa tela, basi, ama uvute milimita 10, ama uweke betri ndani ya tela karibu na friji na gari liwe linaichaji tu. Mimi napendelea njia ya pili, kwa sababu hata plagi ikichomoka katikati ya safari friji haijui.

Jambo moja la dukani. Kuna waya unaouzwa kama shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini hupitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule, na kwenye vibano hulegea mapema. Waya wa nyumba nao, ule wenye uzi mmoja mgumu, hautakiwi kwenye gari. Utatikiswa hadi ukatike ndani ya ganda lake, na kwa nje hutaona kitu.

Dalili: kwenye lami haina shida, ikiingia rafu inazima

Hapa usihesabu unene wa waya. Kuna kitu kimelegea. Lami mnayo hadi lango la Loduare la Ngorongoro. Kuanzia pale hadi Naabi, lango la Serengeti, na kuendelea ni changarawe na mawimbi ya barabara yanayotikisa kila skrubu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni soketi ya kuwashia sigara. Plagi yake imeshikwa na springi mbili ndogo, na mtikisiko unaisukuma nje kidogo kidogo. Ikigusa nusu inapata moto, plastiki inalainika, inashika vibaya zaidi. Ukiichomoa baada ya saa moja ya mwendo na ikakuunguza vidole, jibu umelipata. Mara nyingi soketi hiyo ina fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hiyo friji ya njia tatu haikupaswa kuwekwa pale tangu mwanzo.

Wa pili ni plagi ya tela ya pini 7. Mpangilio wake wa kawaida ni indiketa, taa za nyuma, breki, taa ya ukungu na hasi. Hakuna pini ya friji. Fundi anayetaka kumaliza kazi haraka huazima pini ya taa ndogo, na hapo unapata friji inayopoa usiku tu, dereva akiwasha taa. Ya pini 13 imefikiriwa vizuri zaidi: pini ya 9 ina umeme wakati wote, ya 10 ukiwasha swichi, na kila moja ina hasi yake, ya 13 kwa ile ya kwanza na ya 11 kwa ile ya pili. Kwa barabara zetu, hata hivyo, plagi ya Anderson ya ampea 50 ndiyo nampa mtu bila kufikiri mara mbili. Ina sahani mbili za shaba zinazobanana kwa springi, haina mlango wala skrubu ya kulegea. Ifunike kwa kifuniko cha mpira, na waya wake uufunge kwenye fremu ili uzito usining'inie kwenye plagi.

Wa tatu ni hasi inayopitia chuma. Kama fundi ameunga hasi ya friji kwenye fremu ya tela, umeme unarudi garini kupitia waya mwembamba wa hasi wa taa, au kupitia ule mpira wa chuma wa kuvutia tela, wenye grisi na kutu. Kwenye kona unagusa, kwenye tuta haugusi. Dalili yake inachekesha: ukiwasha indiketa, friji inapepesa pamoja nayo, au kompresa ikianza taa za nyuma za tela zinafifia. Vuta waya wa hasi wa unene uleule wa chanya, kutoka betri moja kwa moja, ukamalize habari.

Angalia pia vishikio vya fyuzi vya plastiki vinavyoning'inia kwenye waya, na lagi (vichwa vya chuma vya kwenye ncha za waya) zilizobanwa kwa koleo la kawaida. Lagi ivute kwa nguvu. Ikitoka, ilikuwa haijabanwa.

Dalili: friji ya njia tatu inapoa kwa gesi, ikitembea inapata joto

Hita haina kidhibiti cha kukata, kwa hiyo haitazima wala kupiga kelele. Inadhoofika kimyakimya. Na udhaifu wake ni mkali kuliko volti zinavyoonyesha: nguvu ya hita hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Hita ya wati 150 kwa volti 12 ikipata volti 10 inatoa wati 104 tu, asilimia 69 ya nguvu yake. Kwa kiasi hicho haiwezi kuchemsha amonia vya kutosha, na mchana wote friji inakuwa sanduku la kawaida linalokumalizia betri.

Tiba ni waya mnene, angalau milimita 6 za mraba na ikiwezekana 10, plagi nzuri, na relei inayopata amri kutoka kwenye swichi ili hita ikatike injini ikizimwa. Hata hapo, usitegemee upande wa betri ukupozee vitu vya moto. Kazi yake ni kushikilia ubaridi uliopo. Washa friji kwa gesi au umeme wa nyumbani tangu jana yake, weka vyakula vikiwa tayari vimepoa, ndipo safari ianze.

Wengine, wakichoka na volti 12, huacha gesi ikiwaka tela ikitembea. Sikubaliani nao hata kidogo. Upepo unazima moto, bomba likipasuka kwa mtikisiko mtungi unamwaga gesi nyuma yako bila wewe kujua, na kuna siku mtaingia kituo cha mafuta na moto ule ukiwaka. Funga mtungi kabla ya kuondoka.

Mkifika kambini, isimamishe tela ikiwa sawasawa. Friji hii ikilala upande, mzunguko wa amonia unakwama, na hapo hakuna waya wa kulaumiwa.

Dalili: betri ya tela haijai hata baada ya siku nzima ya mwendo

Pima kwenye betri ya gari baada ya nusu saa ya kutembea, si dakika mbili baada ya kuwasha. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana alteneta inayoongozwa na kompyuta: betri yake ikishajaa, inashusha volti ili kubana mafuta. Ukiona 14.3 asubuhi na 12.7 baadaye, gari si bovu. Ila relei ya kawaida inayojiunga kwa volti, ambayo hushika kwenye 13.3 hivi na kuachia kwenye 12.8, itaachia, na betri ya tela itabaki peke yake na friji.

Hapo kinachotakiwa ni chaja ya volti kwa volti (DC-DC), iliyowekwa ndani ya tela karibu na betri. Inapokea volti zozote zinazofika, hata 12, na kuzipandisha hadi 14.4 betri inazotaka. Inasaidia pia kwenye waya mrefu, ingawa haifuti dhambi za waya: ikipokea volti chache inavuta ampea nyingi zaidi, na plagi mbovu itaungua haraka. Kwa betri ya lithiamu chaja hiyo ni lazima. Lithiamu ikiungwa moja kwa moja huvuta ampea nyingi mno na kuchosha alteneta, hasa injini ikizunguka polepole kwenye foleni ya Karatu.

Kama alteneta yako ni ya zamani na inatoa 14 muda wote, relei inatosha. Usinunue chaja kwa sababu jirani anayo.

Dalili: gari haliwaki asubuhi

Friji imekula betri ya kuwashia. Ama hakuna relei kabisa, ama imeganda ikiwa imefunga. Zima injini, subiri dakika chache, halafu pima volti kwenye plagi ya tela upande wa gari. Kukiwa bado na umeme hapo wakati hukutaka uwepo, relei ndiyo. Betri iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 ni kama nusu. Chini ya hapo gari la dizeli asubuhi ya baridi ukingoni Ngorongoro linaweza kukugomea.

Dalili: fyuzi inaungua

Usiweke kubwa zaidi. Fyuzi inalinda waya, haijali friji. Kwa friji ya kompresa ya volti 12, ampea 15 zinatosha. Ikiungua, kuna mahali waya umechubuka ukagusa chuma, mara nyingi unapopita kwenye tundu la fremu bila mpira, au mahali tela inapopinda. Kukiwa na betri ndani ya tela, fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya unaoziunganisha unaweza kuungua kutoka pande zote.

Kama unavuta kwa lori au kwa dizeli ya zamani iliyotoka Japani, pima kwanza, kwa sababu baadhi zina mfumo wa volti 24. Friji nyingi za kompresa hukubali zote mbili. Hita ya volti 12 ikipata 24 inaungua papo hapo. Na usiibe volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili zilizoungwa mfululizo: moja itachoka, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa.

Dalili: volti ziko sawa, kompresa haipumziki

Sasa ndiyo geukia friji. Gusa nyuma yake: kama imebanwa kati ya magunia na hewa haipiti, au feni imejaa vumbi, joto halina pa kutokea. Puliza vumbi, acha nafasi. Raba ya mlango ijaribu kwa noti: ifungie mlangoni, ivute, ikitoka bila kushikwa, raba haifungi.

Baadhi ya friji zenye kompresa ya Secop zina taa ndogo inayopepesa kosa likitokea. Hesabu mipepeso. Mmoja ni volti ndogo, rudi kwenye nyaya. Miwili ni feni inavuta umeme kupita kiasi. Mitano ni kidhibiti kimepata joto, kipe hewa. Mitatu ni kompresa imeshindwa kuanza na minne ni imeshindwa kufikia mwendo wake. Ukipata mojawapo ya hizi mbili wakati mita inasoma 12 au zaidi kwenye terminali za friji chini ya mzigo, ipeleke kwa fundi wa mafriji, na mwambie hizo volti na idadi ya mipepeso kabla hajaiweka mezani.